Mifuko 17 ya saruji: fedha za shule zinapita wapi na zinapotelea wapi

Stoo tulikuwa watu wanne: mwalimu mkuu, mwalimu wa Maarifa ya Jamii aliyekabidhiwa leja, fundi mkuu, na mimi niliyetumwa na kamati ya shule. Stoo yenyewe ni darasa la zamani lililoachwa baada ya ukuta kupasuka, juu kabisa ya kilima hapa Mwanza, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote. Leja ilisema tulipokea mifuko 180 ya saruji na iliyotoka ni 122. Iliyotakiwa kuwepo ni 58. Tukahesabu mara ya kwanza. Tukahesabu tena, mara hii tukiushika kila mfuko kwa mkono. Ilikuwa 41.

Mwalimu mkuu aliketi juu ya mbao akashika kichwa. Kabla hata hatujafunga mlango, habari zilishafika getini. Mama anayeuza maandazi pale aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ni kweli mwalimu amekula saruji?"

Siku tatu baadaye tukaujua ukweli. Mifuko tisa iliazimwa na shule jirani iliyokuwa inamwaga zege siku ambayo saruji yao ilichelewa. Walimu wakuu wawili waliongea kwa simu, kirikuu ikaja ikabeba, na hakuna aliyeandika hata kikaratasi. Mifuko sita ilitumika pale pale kwetu Jumamosi moja mwenye leja akiwa msibani. Fundi alipewa ufunguo, kazi ikafanyika, leja haikujazwa. Mifuko miwili hakuna aliyeweza kuieleza, hadi leo.

Mkaguzi angefika siku ile angeandika mstari mmoja tu: matumizi ya saruji mifuko 17 hayakuthibitika. Gazeti lingeandika ubadhirifu. Mtaani tungesema wameiba. Lakini ndani ya mstari huo mmoja mna mambo matatu yasiyofanana: jirani aliyesaidiwa bila maandishi, kazi halali isiyoandikwa, na wizi. Tukiyaita yote wizi, mwizi wa mifuko miwili anajificha nyuma ya mwalimu aliyeazimisha tisa. Naandika kwa sababu hiyo. Kila mwaka ripoti za ukaguzi zikitoka tunapiga kelele wiki moja, kisha tunanyamaza, na yule wa mifuko miwili anaendelea na maisha yake.

Tuanze na fedha zinavyoingia. Mwanza mjini kuna halmashauri mbili, Jiji la Mwanza lililo wilaya ya Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.1. Wizara ya Elimu inatunga sera na kusimamia mitaala. Shule zenyewe, walimu wake na fedha zake ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Mkurugenzi wa halmashauri ndiye afisa masuuli, maana yake ndiye anayejibu kisheria kwa kila shilingi, hata ile iliyotumiwa na mwalimu mkuu wa Kishiri au Buhongwa ambaye pengine hajawahi kukutana naye ana kwa ana. Mishahara ya walimu, ambayo ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote, haipiti shuleni kabisa. Shuleni zinafika fedha za aina tatu: ruzuku, fedha za miradi na michango ya wazazi. Shule zilizo kando ya barabara kubwa huongeza kodi ya fremu za maduka au ya uwanja. Kila aina ina mlango wake, na inavujia mahali pake.

Ruzuku ndiyo inayozungumzwa sana na ndiyo ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, kiwango kilikuwa dola 10 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambazo siku zile zilikaribia shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000. Dola ilishapanda zaidi ya mara mbili, bei ya chaki na karatasi nayo ikapanda, ila ruzuku haikusogea. Katika hizo 10,000, shilingi 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa sekondari ni 25,000, zinagawanywa nusu kwa nusu kwa mtindo huo huo, pamoja na fidia ya ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa.

Fanya hesabu ya shule yenye watoto 1,200, idadi ya kawaida kabisa kwa shule za pembezoni mwa jiji. Mara 6,000 ni shilingi milioni 7.2 kwa mwaka, yaani laki sita kwa mwezi. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo kila mtoto anapata kama shilingi 31 kwa siku. Haitoshi andazi. Humo mna umeme, maji, chaki, karatasi za mitihani, dawa za vyoo, vitasa, vioo vilivyovunjika na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri.

Sasa tuseme fedha ya Machi imefika Mei. Shule haifungwi. Mwalimu mkuu anakwenda duka la vifaa, anachukua chaki na karatasi mali kauli. Fedha ikifika analipa deni. Risiti inatoka na tarehe ya Mei kwa bidhaa zilizotumika Machi, na hati ya malipo inaandikwa baada ya malipo yenyewe. Au anatoa fedha kwenye fungu la ukarabati kununua karatasi za mtihani, kwa sababu mtihani ni kesho na ukuta unaweza kungoja. Hayo yote ni makosa ya kanuni za fedha, na mkaguzi ana haki ya kuyaandika. Hata hivyo, hakuna shilingi iliyokwenda nyumbani kwa mtu. Shule nyingi za msingi hazina mhasibu. Anayeingiza hesabu kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za shule, ni mwalimu aliyesomea kufundisha Kiswahili au Hisabati, anafanya hivyo usiku baada ya kusahihisha madaftari.

Ruzuku hiyo hiyo ndogo ina mwanya wake wa wizi wa kweli, nao uko kwenye idadi ya wanafunzi. Fedha inafuata takwimu, hivyo jina kwenye rejista ni fedha. Mwaka 2016 serikali ilipohakiki nchi nzima ilikuta wanafunzi hewa zaidi ya 65,000. Sehemu yake ilikuwa udanganyifu wa makusudi. Lakini anayeijua kanda yetu anajua mtoto hewa anavyozaliwa bila mtu kumtunga. Baba anahamia kambi ya uvuvi kisiwani, anaondoka na familia usiku kwa mtumbwi, hakuna aliyefuata karatasi ya uhamisho. Kijana wa darasa la sita anaacha shule, anashinda mwaloni akibeba ndoo za dagaa, na mwalimu bado ana matumaini kwamba atarudi. Familia inakwenda Geita kutafuta maisha machimboni. Jina linabaki kwenye rejista muhula huu na unaofuata. Mstari kati ya uzembe na wizi hapa ni mwembamba, ila upo, nao ni huu: mwalimu mkuu anajua kwamba mtoto hayupo, kisha anamhesabu tena kwenye takwimu za mwaka unaofuata.

Nije kwenye ujenzi, maana hapa ndipo kwenye fedha nyingi na ndipo nilipoona kwa macho.

Zamani halmashauri ilitafuta mkandarasi. Siku hizi madarasa mengi yanajengwa kwa utaratibu ambao kila mtu anauita fosi akaunti: fedha inaingizwa kwenye akaunti ya shule, shule inanunua vifaa na kuajiri fundi wa mtaani. Zinaundwa kamati tatu za walimu na wananchi, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, ili anayenunua asiwe anayepokea. Utaratibu huu umeokoa fedha nyingi, na mimi ni muumini wake. Kwa fedha za UVIKO-19, zile za mkopo wa IMF wa mwaka 2021 zilizofika shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchini kwa kiwango cha shilingi milioni 20 kila moja. Baadaye zikaja fedha za miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, zote za mkopo wa Benki ya Dunia.

Tatizo la kwanza ni kwamba milioni 20 ni zile zile Dodoma kwenye tambarare na Mwanza kwenye mawe. Anayeijua Mabatini, Igogo au Isamilo hahitaji kuelezwa. Shule zetu nyingi zimekaa kwenye miinuko, juu ya majabali, na msingi wa darasa upande wa chini unaweza kuhitaji kuta za mawe zenye urefu wa mtu kabla hujafika usawa wa sakafu upande wa juu. Mawe, saruji na vibarua vya kazi hiyo havimo kwenye makadirio. Lori haliwezi kupanda, kwa hiyo kila tripu ya mchanga inamwagwa barabarani na kubebwa kwa ndoo, ndoo moja kwa malipo yake. Ukerewe na Ukara ni zaidi, saruji inavuka maji. Kamati inafanya nini? Inakopa kwenye sakafu ili ilipe msingi. Darasa linafika lenta, fedha inaisha, linakaa bila paa miaka miwili. Wananchi wanapita chini yake kila siku wakisema fedha zimeliwa. Nyingine zimeliwa kweli. Nyingine ziko chini ya ardhi, ndani ya msingi, na hakuna picha hata moja iliyopigwa kabla haujafukiwa.

Tatizo la pili ni kalenda. Mwaka wa shule unaanza Januari, mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi na kuisha Juni 30. Fedha ya mradi mara nyingi inafika ikiwa imechelewa na ikiwa na tarehe ya mwisho iliyokaribia. Madarasa ya UVIKO yalitakiwa yawe tayari kwa kidato cha kwanza cha Januari 2022, wakati fedha zilianza kushuka Oktoba na Novemba. Ukiwa na shule zote za mkoa zinazotafuta nondo, bati na mafundi katika wiki zile zile, bei inapanda tu. Fundi mzuri ana saiti nne. Na haraka ndiyo rafiki mkubwa wa mwizi, kwa sababu kila anayeuliza swali anaonekana anakwamisha mradi wa serikali. Nimeambiwa maneno hayo mwenyewe, kikaoni, na mtu aliyenizidi cheo.

Tatizo la tatu ni risiti. Serikali inataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila ununuzi, na inataka hivyo kwa haki. Sasa kokoto zetu zinagongwa kwa nyundo na akina mama kwenye milima ya jiji, wamekaa chini ya turubai na watoto migongoni. Hawana mashine. Ukinunua kwao, ambako ni nafuu na fedha inabaki kwa mzazi wa mwanafunzi wako, unapata hoja ya ukaguzi, yaani dosari inayoandikwa na mkaguzi ili uijibu. Ukitaka kuikwepa hoja unatafuta mwenye duka la vifaa akuandikie risiti ya kokoto ambazo hakuuza. Naye hafanyi bure. Mwalimu mwaminifu anajikuta ameingia kwenye karatasi ya uongo ili kufidia ununuzi wa kweli, na kuanzia siku hiyo hana ubavu wa kumkemea yeyote.

Wizi wenyewe una alama zake, na hazihitaji shahada kuziona. Nukuu tatu za bei kutoka maduka matatu, lakini zote zina kosa lile lile la herufi. Mfumo wa manunuzi wa NeST umepunguza mchezo huu, haujaumaliza. Sahihi za kamati ya mapokezi zina tarehe ya kabla lori halijafika. Makadirio yanasema nondo ya milimita 12, na iliyolala kwenye mkanda wa zege ni ya 10, tofauti isiyoonekana kwa macho ila kwa futi kamba utaiona. Mwalimu wa Historia aliye kwenye kamati ya mapokezi hajui kupima nondo, na hakuna aliyemfundisha, lakini sahihi yake ndiyo inayohitajika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inatenganisha mambo haya: kifungu cha 22 kinahusu nyaraka za udanganyifu, kifungu cha 28 kinahusu ufujaji na ubadhirifu. Kesi za TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hushinda au kushindwa kwa karatasi kama hizo. Ukiona dalili, simu ya 113 ni bure.

Hapa kuna jambo ambalo wengi tunalielewa vibaya. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ofisi iliyowekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, akiipa halmashauri hati inayoridhisha, mkurugenzi anashangilia, madiwani wanapiga makofi na sisi tunaamini hakuna kilichoibwa. Hati inayoridhisha haisemi hivyo. Inasema vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa viwango na kwamba kwa ujumla vinaonyesha picha ya kweli. Darasa lililojengwa kwa bei mara mbili, kama risiti zote zipo na zimeandikwa vizuri, haliitii doa hati. Kinyume chake ni kweli pia. Hati yenye shaka inaweza kutokana na nyaraka zilizopotea, na mifuko tisa iliyoazimwa kwa simu ni ya aina hiyo. Kwa hiyo usiishie kwenye jina la hati. Nenda kwenye hoja zenyewe, kisha tafuta orodha ya hoja za miaka ya nyuma ambazo bado hazijafungwa. Hoja inayorudi mwaka wa tatu mfululizo kuhusu jambo lile lile ndiyo ya kuulizia.

Na kuna muda. Fedha iliyotumika Julai 2023 ni ya mwaka wa fedha ulioisha Juni 2024. CAG anamkabidhi Rais ripoti ifikapo Machi 31, 2025, ndipo iende bungeni Aprili, kisha LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, iwaite wakurugenzi. Miezi 21 imepita. Mwalimu mkuu amehamishwa, mkurugenzi naye yuko mkoa mwingine, mwenye leja amestaafu. Watoto walioketi chini kwa kukosa madawati wamemaliza darasa la saba. Halmashauri ina mkaguzi wa ndani ambaye angeweza kuyaona mapema, lakini ofisi yake iko chini ya mkurugenzi yule yule anayemkagua, na gari la kumfikisha shuleni anaomba kwa huyo huyo.

Ndiyo maana mimi nawekea uzito kamati ya shule kuliko ripoti ya Aprili. Kamati inaona mifuko ikiwa bado mifuko. Baada ya siku ile ya stoo tulibadilisha vitu vichache. Kufuli zikawa mbili, funguo kwa watu wawili tofauti. Kuazimishana vifaa na shule nyingine kukaruhusiwa, ila kwa dokezo lenye sahihi za walimu wakuu wote wawili. Msingi hauchukui udongo kabla haujapigwa picha ukiwa na futi kamba kando yake. Mwalimu mkuu, ambaye nilidhani angekasirika, ndiye aliyefurahi kuliko wote. Aliniambia kwamba usiku ule hakulala, akiwaza watoto wake wataambiwa nini shuleni.

Lipo eneo ambalo CAG hafiki kabisa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima na kuwakataza walimu kushika fedha za wazazi. Michango ya hiari ikabaki, kwa makubaliano ya wazazi na kibali. Uhalisia wa mtaani unaujua: mia tano ya mtihani wa majaribio, mia mbili ya uji, elfu moja ya mlinzi. Zinaandikwa kwenye kauntabuku, zinakaa kwenye droo, hazina kontro namba wala risiti. Kwa shule ya watoto 1,200, mia tano moja ya kila mtoto ni laki sita, sawa kabisa na ruzuku ya mwezi. Ruzuku ina mfumo, akaunti, mkaguzi na Bunge. Hii nyingine ina droo.

Kwenye mkutano wa wazazi tulisoma mapato na matumizi ya ruzuku na ya mradi, tukiwa tumejiandaa vizuri, na karatasi zimebandikwa ubaoni. Mama mmoja anayechuuza dagaa wa Mwaloni alisimama. Alisubiri watu wanyamaze.

"Mwalimu mwanangu, hayo mamilioni nimeyasikia. Mia tano yangu ya mtihani iko kwenye karatasi ipi?"

Haikuwepo kwenye karatasi yoyote. Mwezi uliofuata mwalimu wa darasa la sita alibandika karatasi ya manila mlangoni kwake, imeandikwa kwa kalamu nene: wanafunzi 84, waliolipa 71, jumla 35,500. Rimu mbili 26,000. Wino 7,000. Bakaa 2,500. Yule mama alifika asubuhi na beseni lake kichwani, akasoma akifuata kwa kidole, mstari kwa mstari hadi mwisho.

"Shikamoo mama," mwalimu alisema.

"Marahaba mwanangu. Hiyo elfu mbili na mia tano iko wapi?"

Mwalimu akafungua droo akatoa bahasha, akamhesabia mezani.